Spidi haijabadilika, mchapuko umetoka wapi?

Mdogo wangu, umeuliza: gari ikikata kona huku mshale wa spidi umeganda kwenye 40, kwa nini mwalimu anasema ina mchapuko? Mwalimu yuko sahihi.

Kasi, yaani spidi, inakwambia mbio kiasi gani tu. Velositi inakwambia na unaelekea wapi. Mchapuko ni badiliko la velositi kwa kila sekunde, kwa hiyo mwelekeo ukibadilika peke yake, mchapuko upo.

Panda gari ya mbao ya Bububu, Zanzibar, zile za mabenchi ya ubavuni. Dereva akikata kushoto, wa benchi la kushoto wanataka kuwaangukia wa kulia, mpaka na vikapu vya samaki. Hakuna aliyewasukuma: miili ilikuwa inakwenda moja kwa moja, gari ndiyo iliyogeuka. Mchapuko wenyewe unaelekea ndani ya kona, kushoto, si kule wanakoangukia. Hapo na mimi nilikosa alama.

Hesabu za njia nyoofu ni nyepesi. Kutoka 0 hadi mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 5, mchapuko ni 2 m/s², yaani kila sekunde velositi inaongezeka mita 2 kwa sekunde. Akifunga breki, velositi inapungua, kwa hiyo weka alama ya kutoa mbele ya jibu.