Jibu: Kwa nini Medvedev hupokea servu kutoka mbali?

Ndugu, umeuliza kwa nini Daniil Medvedev, mchezaji tenisi wa Urusi, husimama karibu na ukuta wa nyuma akipokea servu (mpigo wa kuanzisha pointi), na kama ndiyo sababu fainali humponyoka.

Anatafuta muda. Mpira ukimfikia umeshapungua kasi, kwa hiyo anazungusha raketi kikamilifu na kuurudisha chini, bila msokoto mwingi, hadi karibu na mstari wa nyuma wa mpinzani. Ana mita 1.98, mikono mirefu, anafika pembeni. Hivyo ndivyo alivyomfunga Djokovic 6-4, 6-4, 6-4 kwenye US Open 2021, na Februari 2022 akawa namba 1 duniani.

Gharama yake ni mbele: servu ya pembeni kabisa humtoa nje ya uwanja, na mpira wa kudondosha nyuma ya wavu humkimbiza. Alcaraz alimwadhibu hivyo sana mwaka 2023.

Lakini fainali za Australian Open ni habari nyingine. Mwaka 2022 dhidi ya Nadal na 2024 dhidi ya Sinner aliongoza seti 2-0, akapoteza zote. Ile ya 2024 mimi nailaumu miguu: kabla ya fainali alikuwa ameshacheza zaidi ya saa 20 kwenye mashindano hayo, mechi tatu zikifika seti tano.