Bajeti imesomwa, na nyie mnauliza yale yale

Meseji zimejaa tangu bajeti isomwe. Nimechagua chache, nyingine ni matusi, na moja inauliza bei ya pweza, sasa mie na pweza wapi na wapi.

*Ami, nimesikia Dodoma wamesema VAT ya bidhaa fulani imeondolewa, mbona hapa Mwanakwerekwe, Unguja, bei ni ile ile?*

Kila Juni swali hili, kila Juni! Bajeti ziko mbili dada yangu. Ya Muungano inasomwa bungeni Dodoma, ya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, inasomwa Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi. Forodha na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano, kwa hiyo Dodoma wakigusa PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, na wewe unayefanya kazi Malindi umeguswa. VAT ya hapa, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ina sheria yake na wanaikusanya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kiwango cha kawaida asilimia 15 wakati bara ni 18. Kwa hiyo Dodoma wakiondoa VAT yao, mwenye duka wa Mwanakwerekwe hajaambiwa kitu na hadaiwi kitu. Kabla hujapandisha sauti barazani uliza kwanza hiyo kodi ni ya nani.

*Sukari itashuka?*

Ushuru wa sukari ya nje wanakubaliana mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki kabla bajeti haijasomwa. Baada ya hapo kuna meli, kuna dola, kuna mwenye ghala. Usitegemee.

*Shekhe, trilioni zinatajwa kila mwaka, mbona sisi huku Micheweni, Pemba, hatuoni kitu? Nimempigia mbunge wetu hapokei.*

Hapa nikae kidogo. Kwanza hiyo trilioni si pesa iliyopo kabatini. Ni makadirio, ndani yake mna kodi inayotarajiwa kukusanywa, mna mikopo, mna misaada ambayo ikichelewa kuja basi mradi nao unalala. Bajeti ya SMZ ya 2023/24 ilikuwa kama trilioni 2.8, ya 2024/25 ikawa kama trilioni 5.18, je maisha yako yalikaribia kuwa mara mbili? Watu wanashangilia jumla, wengine wanailaani hiyo hiyo jumla, na wote hawajafungua kitabu. Nenda kwenye fungu la wizara inayokuhusu, tazama mwaka uliopita zilitengwa ngapi na zikaingizwa ngapi kweli, maana zilizotengwa na zilizoingizwa ni vitu viwili, na aibu yote imekaa kwenye hiyo tofauti. Halafu ripoti ya CAG wa Zanzibar, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka isome, usisubiri ukatiwe vipande vya kwenye simu.

Pili, mbunge wako unamsumbua bure. Yeye yuko Dodoma, maji na skuli za Micheweni zinapitishwa Chukwani na Mwakilishi wako, yule uliyempigia kura siku ile ile kwenye karatasi nyengine. Namba yake unayo? Sidhani.

*Petroli imepandishwa na bajeti?*

Bei wanatangaza ZURA, wadhibiti wa nishati na maji wa Zanzibar, kila mwezi. Soma tangazo.

*Usiku ule ule wa bajeti mwenye duka kapandisha unga, anasema "bajeti hiyo". Ni halali?*

Huyo anakuchezea. Hotuba ni mapendekezo, Baraza lijadili, sheria ya fedha ipite, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Na unga alioupandisha ushalipiwa ushuru zamani, upo stoo na vumbi lake. Mie mwenyewe nimemuona mmoja Darajani, hotuba bado inaendelea redioni, yeye kashika kalamu ya wino mzito anafuta bei kwenye boksi la mafuta ya kupikia, anaandika mpya, hata hajajua waziri atasema nini kuhusu mafuta.

Lakini na wewe nikuulize, ulidai risiti ya kielektroniki? Unaambiwa "bei ya risiti hii, bila risiti hii", unachagua ya pili unaondoka unacheka, kesho uko hospitali unapiga kelele dawa hakuna. Ile VAT mara nyingi ushailipa ndani ya bei, usipochukua risiti inabaki kwa mwenye duka, haifiki serikalini. Halafu bila karatasi hata ukienda kulalamika utasema nini, "nilinunua kwa mtu mmoja pale kona"?

*Mzee wangu ana miaka 68, bajeti mpya atapata pensheni?*

Bado. Pensheni Jamii ni kuanzia miaka 70. Ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa hadi 50,000. Subirini miaka miwili, kitambulisho chake kiwe sawa sasa hivi, tarehe ya kuzaliwa isije ikaleta maneno dirishani. Na atakayekupigia simu kusema anamuandikisha mapema kwa elfu kumi, mkatie. Akikuomba namba ya siri ndio kabisa, ripoti polisi. Msimu wa bajeti wezi nao wana bajeti yao.

*Nakuja Unguja kutoka Dar na boti, ile bima ya dola 44 nalipa?*

We Mtanzania? Basi haikuhusu, ile ni ya wageni wa kutoka nje, toka Oktoba 2024. Wewe lipa nauli yako, na jina kwenye tiketi liwe lako, sio la shemeji.