Nasikiliza hendipani kila siku lakini akili haitulii. Nakosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, Morogoro. Mwezi sasa najaribu kuanza meditesheni kwa kusikiliza muziki wa hendipani kwenye simu, nusu saa kitandani nikirudi kazini. Siku nyingine usingizi unanipitia, siku nyingine mambo ya wodini yananijia yote kwa mkupuo. Rafiki yangu anasema hendipani ni ala ya kale ya watawa wa Tibeti, na isipokuwa ya herzi 432 haifanyi kazi. Ninunue spika? Nibadilishe muziki?

Jibu: Marahaba, na pole na zamu.

Nianze na ya rafiki yako. Hendipani, ala ya chuma inayopigwa kwa mikono, ni ala changa. Ya kwanza iliitwa Hang, ikatengenezwa mwaka 2000 mjini Bern, Uswisi, na Felix Rohner na Sabina Schärer, mafundi waliokuwa wakifua pani za chuma za asili ya Trinidad. Jina lenyewe ni neno la Kijerumani cha Bern, maana yake mkono, kwa sababu inapigwa kwa vidole bila kijiti. Hakuna mtawa aliyeirithi kwa babu zake. Nasema hivi ili usikae ukingoja nguvu fulani itoke ndani ya chuma ikutulize. Kazi ya kutulia utaifanya wewe kwa sikio lako.

Hiyo 432 nayo isikusumbue. Mkutano wa London wa mwaka 1939 ulikubaliana nota ya A, inayotumika kupatanisha ala, iwe herzi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, ili wapigaji wa nchi mbalimbali wapatane. Ukiishusha hadi 432, muziki wote unashuka kwa chini ya theluthi ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili za kinanda. Weka rekodi moja leo na nyingine kesho, na wasikilizaji wengi hawatajua ipi ni ipi.

Sasa tuje penye shida. Neno letu "kutafakari", tunalolitumia kwa meditesheni, linatupotosha kidogo. Mtu akiambiwa akatafakari, anakwenda kuwaza. Ndivyo unavyofanya hapo kitandani: muziki unapita nyuma kama redio ya jirani, nawe unawaza wagonjwa wako. Zoezi hili linataka jambo moja tu: ufuate mlio mmoja kuanzia unapogongwa mpaka unapopotea, halafu ungoje unaofuata.

Hendipani inafaa kwa hilo kwa namna ilivyoundwa. Ni kama masinia mawili makubwa ya chuma yaliyofunikizwa mdomo kwa mdomo. Juu katikati kuna kibonge kinachotoa sauti nzito, mafundi wanakiita ding, na kukizunguka kuna vibonde saba, nane au zaidi, kila kimoja na nota yake. Fundi anapofua nota hupanga sauti tatu ndani yake: nota yenyewe, oktava yake (nota ileile, ila juu zaidi), na nota ya tano ukihesabu kupanda kuanzia oktava hiyo. Kwenye ding ya D, ambayo ni ya kawaida sana, hizo ni takriban herzi 147, 294 na 440.

Jana jioni niliiweka yangu mapajani nikagonga ding mara moja kwa ncha ya kidole gumba. Kwanza ukasikika mgongano wa kidole na chuma, tok, mfupi. Kisha zile sauti tatu zikafunguka pamoja. Ya juu ikatangulia kuondoka, ikabaki ile nene, ikawa inapumua, inapungua, mpaka nikawa sijui kama bado naisikia au naikumbuka. Sekunde hizo mbili tatu za mwisho ndizo zoezi lenyewe. Akili ikishafika pale haina nafasi ya kubeba wodi, kwa sababu kusikia kitu kidogo hivyo kunaihitaji yote.

Kutokana na hapo utaona rekodi ipi inafaa. Tafuta mpigaji mmoja, hendipani moja, mwendo wa taratibu, isiyo na ngoma, filimbi wala mvua ya kurekodiwa. Epuka hasa zile za saa tatu zilizozamishwa kwenye mwangwi wa kompyuta, maana nota haziishi, zinarundikana kama moshi jikoni, na wewe unatafuta mwisho. Kipimo changu: ndani ya dakika ya kwanza, je, umesikia kimya japo mara moja kati ya nota? Kama hukusikia, tafuta nyingine.

Jambo dogo kuhusu skeli, yaani mpangilio wa nota ambazo hendipani imefuliwa nazo. Utakutana na majina Kurd na Hijaz, yaliyochukuliwa kwenye makamu, mipangilio ya nota ya muziki wa Kiarabu, zilezile wanazozijua wapigaji wa taarabu Zanzibar. Hijaz ni tamu mno kwa sikio la pwani, ndiyo maana siwapi wanaoanza. Sikio linaanza kudai wimbo, na wimbo unakubeba. Anza na Kurd.

Spika kubwa huihitaji. Ila spika ya simu yenyewe ni ndogo mno kuitoa vizuri herzi 147, kwa hiyo sauti nene ninayokutaka uifuate huisikii sawasawa. Vaa spika za masikioni, hata za bei rahisi, na uweke sauti chini kiasi kwamba inakubidi utege sikio. Pakua rekodi kabla, kisha uzime data, maana tangazo la kubeti likiingia katikati, ile siku imekwisha.

Kuhusu usingizi, mwili wako unadai haki yake. Ukitoka zamu, lala. Zoezi lifanye ukishaamka, kabla ya chakula, umekaa kwenye kiti au mkekani, mgongo wima bila kukakamaa. Nusu saa ni nyingi mno kwa sasa. Anza na dakika nane, halafu ondoa spika masikioni ukae dakika mbili zaidi ukisikiliza chumba. Hizo dakika mbili za mwisho usiziache. Wiki ya kwanza fuata ding peke yake, nyingine zipite tu.

Mawazo yatakuja. Ukigundua umeondoka, usijigombeze wala usitafute ulianzia wapi. Ngoja mlio unaofuata ukurudishe. Hapo ndipo hendipani inapomsaidia anayeanza kuliko meditesheni ya kufuata pumzi, kwa sababu pumzi haikuiti jina. Lakini yakija matukio mazito ya kazini, ukasikia moyo unakwenda mbio, fumbua macho, acha zoezi, simama utembee. Yakiendelea kujirudia, zungumza na mshauri nasaha. Hayo hayatibiwi na muziki, na wauguzi mnabeba mengi ambayo hamsemi.

Kuanzia wiki ya tatu, zima rekodi dakika ya tano, umalizie bila muziki. Kisha niandikie uniambie ding ilipokuwa ikiisha uliisikia wapi: sikio la kulia, la kushoto, au kifuani. Nikishajua hilo nitakwambia hatua inayofuata.