Barua kwa mwanangu: utulivu una mpishi

Mwanangu, salaam aleikum. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, nikaanza kukujibu kwa ile sauti ya wasap nikaona naongea na simu kama naongea na ukuta, ndo nimekaa hapa barazani naandika, kaka yako atanirekebishia akitoka kazini. Umeniuliza, "Mama, wamenikubali MacDowell, wiki sita msituni New Hampshire naandika tu, nikifika kule nitegemee nini?" Hongera kwanza. Nimelia sikufichi, mpaka jirani kaja kuuliza kuna msiba gani.

Zile karatasi za MacDowell ulizonitumia, hicho kituo cha Marekani wanachowapa waandishi na wasanii pa kukaa na kufanya kazi, nimezisoma zote, na nikamwambia kaka yako anitafutie na mengine, nimekesha nayo siku mbili. Ekari 450 za msitu na mashamba, vibanda zaidi ya 30 vimetawanywa humo, kila mtu na chake, jirani yako humuoni wala humsikii. Chai ya asubuhi na chakula cha usiku mnakula pamoja, mchana mtu anakuja na kikapu anakiweka mlangoni kwako na kuondoka zake kimya kimya. Hakuna anayeruhusiwa kuja kibandani kwako bila wewe kumkaribisha. Hulipi hata senti. Halafu ukutani kuna vibao vya mbao wanaviita mawe ya kaburi, kila aliyekaa kwenye kibanda hicho anaandika jina lake kabla hajaondoka. James Baldwin kakaa huko, na maktaba yao leo ina jina lake. Kwa hiyo utakachokikuta unakijua wewe kuliko mimi.

Lakini mimi nilipofika kwenye kikapu nikasimama. Nikajiuliza, nani anakipika.

Mnanijua na neno langu, nimelisema jikoni kwangu miaka yote, utulivu haujitokezei tu kama umande, utulivu una mpishi. Ukiona mtu amekaa mahali kimya anafikiri vizuri ujue kuna mtu mwingine mahali fulani ameshika kelele zake. Na kwa hapo unapokwenda mpishi nimemwona. Watu wote wanasema MacDowell, MacDowell, wakimaanisha yule mume, Edward, mtunzi wa muziki. Sawa, alikuwa mtunzi mkubwa simnyang'anyi. Lakini lile shamba alilinunua mke, Marian, mwaka 1896, na yeye ndiye aliyehakikisha mumewe anajengewa kibanda cha magogo msituni atunge bila kusumbuliwa, na kikapu cha mchana kilianza hapo, yeye kumpelekea mumewe chakula na kukiacha mlangoni. Na yeye mwenyewe alikuwa mpiga piano! Wageni wakaanza kupokelewa 1907, wa kwanza kabisa ndugu wawili wa kike, Mary Mears mwandishi na Helen Mears mchonga sanamu, hapo nilifurahi sana maana nilimkumbuka mama yako mkubwa. Mume alikuwa mgonjwa tayari, mwaka uliofuata akafariki. Mama yule akabaki na msitu. Akazunguka Marekani miaka na miaka anapiga nyimbo za marehemu mumewe kwenye vyama vya kina mama, anachangisha, ili watu asiowajua wapate kibanda na chakula. Mwaka 1938 kimbunga kikamwangushia miti, ana miaka 80, akaanza tena kuchangisha. Kafariki 1956 na miaka 98. Nikasema alhamdulillah, huyu angenielewa.

Sasa ile hadithi ya telegramu ya Lushoto mnaijua wote, baba yenu Allah amrehemu alikuwa anaisimulia kila Iddi na nyie mnacheka, na mimi nilikuwa nacheka nanyi. Ila alikuwa anaanzia kwenye telegramu. Mimi nataka nianzie kabla.

Mwaka 1988 likizo ya mwezi wa sita na wa saba, wewe una miaka minne na kaka yako ana miwili. Redioni walitangaza mashindano ya riwaya. Mimi miaka saba nilikuwa nasahihisha madaftari ya wenzangu usiku na ya kwangu sijawahi kujaza hata moja. Mama yako mkubwa akasema njoo kwangu Lushoto wiki tatu, watoto waache kwa baba yao, si wake? Baba yenu akasema sawa. Nasisitiza hilo, alisema sawa, na alinisindikiza mwenyewe stendi akanibebea begi. Basi likapanda kutoka Mombo, kona mpaka kona, tukipita Soni meno yanagongana kwa baridi na sweta nimeliweka begini chini ya vitu vyote.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha kuwekea viazi. Vilisogezwa upande mmoja, wakalaza mlango wa zamani juu ya makreti mawili ikawa meza. Harufu ya udongo usiku kucha. Siku nne za mwanzo sikuandika kitu. Nililala. Yaani nililala kama mtu aliyetoka kuumwa, nikiamka nalia, nikinyamaza nalala tena, nikawa najiambia kumbe mimi si mwandishi, kumbe nilikuwa nimechoka tu. Hili ndo pekee ninaloweza kukujibu kwa uhakika kwenye swali lako: tegemea siku hizo nne. Labda kwako zitakuwa tatu, labda saba. Usinunue tiketi ya kurudi siku ya tano.

Siku ya tano nikaandika mpaka kandili ikaisha mafuta.

Na kila siku jua likifika utosini mlango unagongwa mara mbili kwa fimbo. Nikifungua hakuna mtu. Kuna sufuria imefunikwa kwa sahani, ugali na maharage, siku nyingine ndizi, siku nyingine viazi na mboga ya majani, na chupa ya chai. Nilikuwa naona tu kanga inapotelea kwenye migomba. Alikuwa mama mkwe wa mama yako mkubwa, yule bibi aliyekuwa anachechemea, nyie mlimkuta amezeeka kabisa. Siku ya tisa ndo nikagundua kwamba jiko lilikuwa nyumba ya chini, bondeni, anapanda ule mteremko na goti lake lile kila mchana, na kabla ya hapo anawatuma wajukuu wote kuni upande wa pili wa kilima ili wasipige kelele. Nilimfuata nikamwambia bibi usipande tena nitashuka mwenyewe. Akaniambia kaa. Neno moja tu. Alikuwa hajui kusoma na hakuwahi kuniuliza naandika nini.

Mpaka leo sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile. Nilizaa, nilihiji, nilistaafu kwa sherehe, na bado nasema hivyo.

Siku ya kumi na moja ikaja telegramu. MTOTO MGONJWA RUDI. Nilishuka mbio, basi nimelikosa, nikalala Mombo, nimefika nyumbani Tanga kesho yake mchana nakukuta wewe umekaa kwenye ngazi unatafuna muwa. Malaria ilikuwa kweli, jirani alikupeleka zahanati, ukapewa dawa, homa ikashuka hata kabla telegramu haijanifikia. Hapo ndipo nyie huwa mnacheka, ule muwa. Na baba yenu alipenda kuigiza nilivyosimama na begi kichwani.

Mimi nimeubeba ule muwa miaka yote hii mwanangu.

Halafu najibishana. Nasema angeweza kusubiri siku moja tu. Halafu nasema angesubiri vipi, mtoto anachemka usiku, hajui hata kukuogesha ukiwa unalia, amebaki na wawili peke yake, hana simu, na malaria ilikuwa inaua watoto mtaa wetu ule ule, mwaka mmoja kabla tulizika wa nyumba ya nne. Angekuwa hakuniita na likatokea la kutokea ningemsamehe? Nisingemsamehe. Basi alifanya sawa. Lakini homa iliposhuka mbona hakutuma ya pili? Maneno mawili tu, AMEPONA KAA. Hapo ndo huwa nakwama kila siku. Na mwisho najiambia hata ingekuja hiyo ya pili ningeshuka tu, hivyo nimlaumu nani. Simlaumu. Ila riwaya haikuisha, mashindano yakapita, na Lushoto sikurudi tena kuandika, nilirudi kuzika.

Kwa hiyo ulipouliza utegemee nini, mimi nimesikia swali jingine ambalo hukuliuliza. Mjukuu wangu ana miaka mitano. Wiki sita ni nyingi kwa mtoto wa miaka mitano. Wiki sita ni chache kwa kitabu. Yote mawili ni kweli, na mi sitaki kukwambia uende au usiende, wewe ni mtu mzima na mumeo yupo, nimeapa sitasema na nimeuma ulimi hapa nilipo.

Mtoto nitamchukua mimi. Hiyo si kusema uende. Nasema tu mtoto ana pa kukaa, na kaka yako yupo karibu, na yule jirani aliyekupeleka zahanati, mwanae sasa ndo nesi.

Mengine madogo madogo. Kwenye fomu yao ya chakula andika mapema huli nguruwe, usisubiri kufika ukaanza kuona aibu mezani. Kibla kule ni kaskazini mashariki usije ukaelekea mashariki moja kwa moja kwa mazoea ya ramani. Msitu wa kule una kupe wadogo kama ufuta wanaambukiza ugonjwa mbaya wa viungo, ukitembea chomeka suruali ndani ya soksi na jioni jikague mwili mzima. Dubu weusi wapo pia, ila kupe ndo wa kuogopa. Utakuwa mwezi wa kumi, majani yanageuka mekundu na njano, wanasema watu wanasafiri kuja kuyaangalia, na usiku ni baridi kuliko Lushoto, beba ile sweta ya baba yako.

Mezani usiku watakuuliza unaandika nini. Waambie Kiswahili. Usianze kujitetea wala kuahidi tafsiri. Waambie babu yako alitoka Songea akaja Tanga kuwa manamba, akaitwa kwa namba badala ya jina, akakata mkonge mpaka vidole vikagoma kunyooka, na mkonge wenyewe ulitoka kwao huko huko Marekani, Florida, 1893, Hindorf, yule mtaalamu wa kilimo Mjerumani, akaletewa miche elfu ikapona 62 tu. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Ila kuna vitu babu yako aliniambia mimi hakukwambia wewe, jinsi walivyohesabu matita, nyimbo za kwenda shamba alfajiri, kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilivyokuwa kinakaa kwenye kopo ili kisilowe. Vimo kwenye daftari mbili kwenye sanduku la bati, kurasa 61. Kumbe unachoandika ndo kitabu kile kile nilichokianza Lushoto. Nilipojua unaandika habari za babu yako nilikaa kimya nikaona wivu, Mungu anisamehe, wivu wa siku mbili. Umeisha. Au umebaki kidogo. Njoo uzichukue kabla hujasafiri, na usinirekebishie sarufi.

Kuhusu simu. Umesema kibandani hakuna intaneti, mpaka uende jengo kubwa. Mkimaliza kula usiku saa moja huku ni saa nane za usiku, mtoto amelala, usipige. Piga asubuhi ukinywa chai, saa moja na nusu yako ni saa nane na nusu mchana huku, anakuwa ametoka chekechea. Mwezi wa kumi na moja wanarudisha saa zao nyuma, ongeza saa moja. Na si kila siku. Ukipiga kila siku hutakuwa kule wala huku.

Limebaki moja na ndo lililonifanya nisilale. Akipata homa. Watoto wanapata homa, wiki sita haziishi bila homa hata moja. Nikikwambia, nitakuwa nimetuma telegramu. Nisipokwambia nikamtibu kimya kimya nikakwambia akishapona, nitakuwa nimekupikia utulivu kama yule bibi, lakini yule bibi hakunificha mwanangu, alipanda tu mlima. Juzi niliamua sitakwambia. Jana asubuhi nikaamua nitakwambia, ni mwanao, huna haki ya kunyimwa. Jana jioni nikarudi kwenye sitakwambia. Mumeo nimemuuliza akasema mama utakavyoona, halikunisaidia.

Usinijibu hilo kwa meseji. Ukija kuchukua daftari tutakaa hapa barazani uniambie wewe unataka lipi, na mimi nitakwambia kama naliweza.

Mama yako