Metali ya printa: nguvu ipo, uchovu je?

Shikamoo mwalimu. Metali iliyochapishwa kwa printa ya 3D si dhaifu kuliko iliyofuliwa? Naona kama imeungwaungwa tu. (Mwanafunzi wa ufundi mitambo, Arusha)

Marahaba. Ukiivuta, mara nyingi ndiyo inayoshinda. Chukua stenlesi ya 316L. Ya kawaida, iliyolainishwa kwa moto, huanza kunyooka bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 200 na ushee. Iliyotoka kwenye printa ya leza huvumilia 450, hata kupita 500. Siri ni kasi ya kupoa. Leza huyeyusha unga wa metali katika tabaka za maikromita 30 hadi 60 hivi, na kidimbwi hicho huganda papo hapo, kwa kasi inayoweza kufikia nyuzi milioni moja kwa sekunde. Ndani ya fuwele hubaki vijumba visivyofika hata maikromita moja, na kuta zake huzuia metali isiteleze.

Titani yenye alumini 6% na vanadi 4% ina ukaidi wake. Ikitoka tu mashinini huwa ngumu, mkazo unaweza kupita megapaskali 1,100 kabla haijakatika, lakini hainyooki sana. Ndiyo maana hupitishwa tanurini kwanza.

Kama ni imara hivyo, mbona wahandisi wa ndege wanaiogopa?

Kwa sababu kifaa cha ndege hakivutwi mara moja yakaisha. Hutikiswa mara mamilioni, na hapo ndipo unapoingia uchovu wa metali, yaani ufa unaokua kidogo kidogo kwa kila mtikiso. Uchovu haujali kipande kizima kina nguvu kiasi gani. Hutafuta mahali pabovu kuliko pote.

Kwenye metali ya printa, mahali hapo mara nyingi ni vitundu vilivyobaki ndani wakati wa kuchapisha, navyo havilingani. Leza ikizidi nguvu, metali huchemka, mvuke huchimba shimo, na shimo likijifunga vibaya hubaki tundu la mviringo. Leza ikipungua, unga hauyeyuki wote. Linabaki pengo bapa kati ya tabaka, lenye kingo kali. Hili ndilo baya zaidi, maana ufa umeshapata pa kuanzia. Kipande kikivunjika hapo, ukikiweka chini ya hadubini unaweza kuziona chembe za unga zingali duara, hazikuguswa na moto.

Dawa ni tanuri la shinikizo. Kwa titani hiyo, kawaida ni nyuzi 920 hivi, gesi ya argoni ikikandamiza kwa megapaskali 100, kwa saa mbili. Vitundu vya ndani hujifunga. Vilivyotoboka hadi nje havifungi, kwani gesi huingia humo humo. Uso wa kipande nao hutoka na chengachenga. Usipokerezwa au kusuguliwa, nyufa zitaanzia hapo. Mtu akikuletea karatasi ya vipimo yenye nguvu ya kuvuta peke yake, mrudishe.

Kuchapisha kipande kikiwa kimesimama au kimelala kuna tofauti?

Ipo. Yale mapengo bapa hulala sambamba na tabaka, kwa hiyo ukivuta kutoka juu kwenda chini unayafungua. Pima pande zote.

Kuna ndege inayoruka na vitu hivi kweli?

Zipo, na huenda umeshapanda. Injini za LEAP, zilizo kwenye Boeing 737 MAX zikiwemo za Air Tanzania, hutumia nozeli za mafuta zilizochapishwa kwa aloi ya kobalti na kromi. Nozeli iliyokuwa ya vipande 20 hivi imekuwa kipande kimoja, tena chepesi kwa takriban robo.

Gia ya pikipiki yangu ya bodaboda imekatika meno. Nichapishe? (Msomaji, Mbagala)

Hapana, ndugu yangu. Unga wa metali ni ghali, leza ni ghali, na gia ikishatoka bado itahitaji tanuri na kusawazishwa meno. Nenda dukani ununue nyingine. Printa hulipa pale umbo lilipo gumu kiasi kwamba hakuna fundi anayeweza kulikereza.