Kamera ya joto kwa fundi wa AC huku pwani, angalia sensa usiangalie skrini

Kaka uliyeuliza kutoka Lamu kama uchukue kamera ya joto ya kuchomeka kwa simu ama ile ya kushika mkononi inayojitegemea, na kazi yako ni AC na hita za sola za magesti huko Shela, mimi nakwambia chukua ya simu, ila iwe ya 256x192 (hizo ni nukta za sensa yake ya joto), na pesa itakayobaki nunua kipima joto cha klampu cha kubana kwa paipu. Mimi niko Malindi nafanya AC na friji na hio ndo seti natembea nayo.

Sasa sikiza vizuri hapa kwa namba manake ndo watu huliwa pesa. Muuzaji ataandika 640x480 kwa herufi kubwa kwa boksi, kumbe hio ni skrini ama ile kamera ya picha ya kawaida iliyochanganywa na ya joto, si sensa ya joto yenyewe. Uliza rezolusheni ya infraredi peke yake. FLIR One Pro ni 160x120, FLIR C5 ambayo haitaki simu pia ni 160x120, lakini hizi ndogo kama Topdon TC001 na InfiRay P2 Pro ni 256x192. Piga hesabu ya nukta uone, 19,200 kwa 49,152, yaani mara mbili na nusu na bei ya nje ni kama dola 200 hadi 300 hivi, hapo bado ushuru na VAT yetu ya 16%. Za 80x60 usiguse, ukisimama mbele ya boksi la breka utaona doa jekundu tu, hujui ni waya gani unaopata moto.

Habari ya hertz 9 ama 25, yaani picha ngapi kwa sekunde, isikutishe, kuna kamera zimefungwa zisipite 9 kwa ajili ya sheria za Marekani za kuuza nje hivi vifaa, na AC haikimbii. Cha maana kwetu ni ile wanayoandika mK, yaani tofauti ndogo kabisa ya joto ambayo kamera yaweza kuiona, tafuta 50 au chini yake, manake huku kwetu tofauti ya ndani na nje ni ndogo. Ulaya ndani nyuzi 20 na nje sufuri, kasoro ya ukuta yajionyesha yenyewe. Sisi ndani 24 na nje 31 hata wakati wa kaskazi, tofauti ni nyuzi 7 na hio kazi ya kukagua kuta yataka kama 10 hivi. Kwa hivo mimi hufunga madirisha, natia AC 18 masaa mawili matatu, halafu naangalia saa nane mchana paa likiwa limeiva.

Kuna mama mmoja ana nyumba ya kukodisha upande wa Casuarina akanambia, "Mwanangu, AC yala umeme na chumba hakipoi, na fundi aliyepita ametia gesi." Nikamjibu haya mama, ngoja tuione. Nikafungua kava nikatoa filta, koili ya ndani ikawa rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Gesi ikiwa pungufu utaona pale inapoingilia pamepoa sana, saa ingine hata barafu, na sehemu iliyobaki ya koili iko vuguvugu. Hapo hapakuwa na shida ya gesi kabisa. Nikageuza kamera juu, silingi yote ilikuwa nyuzi 30 isipokuwa juu ya kabati, mraba mzima ulikuwa 39. Tukapanda darini, fundi wa taa alisukuma insulesheni kando apitishe waya zake akaiacha vivyo hivyo chini ya mabati. Tukairudisha, basi. Hio gesi alilipia bure tu maskini.

Silingi ya jipsam iliyopakwa rangi waweza kuiamini, kinachodanganya ni kitu kinachong'aa. Paipu ya kopa ikiwa tupu yakurudishia joto lako wewe uliyesimama pale, na mabati mapya saa sita mchana kamera yaweza kusema ni baridi kumbe yasoma mbingu, weka mkono uone. Dawa yake ni tepu nyeusi ya umeme, bandika kipande, ngoja kidogo, weka emisiviti (namba ya jinsi kitu kinavyotoa joto lake chenyewe) 0.95 halafu soma juu ya tepu. Kamera ambayo haikuruhusu kubadilisha emisiviti iache hukohuko dukani. Na upepo unaotoka kwa AC usiupime kwa kamera, haisomi hewa, tumia waya wa kipima joto.

Hita za sola za tyubu za vioo nazo zataka akili. Kamera haioni ndani ya kioo, yaona kioo chenyewe, kwa hivo tyubu nzima itaonekana karibu sawa na hewa ya nje na mtu asiyejua atasema hita imekufa. Tyubu mbovu ndo ile ambayo kioo chake cha nje ni cha moto kuliko cha wenzake, manake vakyumu, ile nafasi isiyo na hewa kati ya vioo viwili, imetoka. Ukiangalia ncha yake ile rangi ya fedha itakuwa imegeuka nyeupe.

Kuta zenu za mawe ya matumbawe zikiwa na unyevu zitaonyesha doa la baridi sababu maji yakauka pale, lakini doa la baridi si lazima liwe maji, hakikisha kwa kipima unyevu kabla hujaanza kubomoa nyumba ya watu.

Angalia pia tundu la simu yako ni Type-C, na kamera usiiweke mfukoni bila kifuniko, chumvi ya kwenye boti kutoka Mokowe yamaliza zile pini.

Kabla hujalipa omba glasi ya maji yenye barafu nyingi, koroga, elekeza kamera juu ya maji kwa karibu. Kamera nzuri itasoma karibu na sufuri, ikipotea zaidi ya nyuzi 2 au 3 mrudishie mwenyewe.