Manga ya roboti beki tatu: kwa nini hucheki, na utani umejificha wapi

Mkuu mleta mada, umesema umemaliza juzuu mbili za manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ya vichekesho ya roboti mfanyakazi wa ndani, hukucheka hata mara moja, na unauliza kama kosa ni la tafsiri au wewe ndiye mzito. Wewe si mzito. Mimi nilipita hapo hapo, tena mwanzo wangu ulikuwa wa aibu kuliko wako.

Manga yangu ya kwanza nilijaziwa kwenye flashi pamoja na muvi, kibandani mtaani kwetu. Nikaisoma kama gazeti, kushoto kwenda kulia. Kwanza naona jiko limeungua. Kisha bosi anapiga mayowe. Kisha roboti amesimama na aproni yake nyeupe, anasema kwa kujiamini kabisa kwamba kupika anajua. Nikajiambia hawa Wajapani wana ucheshi wa kipekee, wanaanza na msiba halafu wanaleta posa. Nilienda hivyo kurasa kama arobaini mpaka jamaa mmoja akanichungulia begani na kuniambia kurasa za manga zinaanzia kulia. Kwa hiyo hakikisha hilo kwanza. Usicheke, wengi tumo.

Ukishaweka kurasa sawa, jua kwamba manga nyingi za vichekesho zimerithi mtindo wa jukwaani unaoitwa manzai: watu wawili, mmoja anaropoka upuuzi (boke), mwenzake anamkaripia papo hapo (tsukkomi). Roboti meidi, yaani huyo mfanyakazi wa ndani, ndiye boke. Bosi wake ndiye tsukkomi, na kazi yake yote kwenye hadithi ni kushtuka. Ndiyo maana unaona watu wazima wanaanguka chali miguu juu kwa sababu ya neno moja tu. Hawajapigwa na mtu, ile ni alama kwamba upuuzi umefika mahali pake. Na kuna neno "shiin" linaloandikwa kwenye picha isiyo na maneno mengine: ni sauti ya kimya. Wana sauti ya kimya! Sisi tuna pu na chubwi na kacha, lakini kimya chetu hatukiandiki hivyo kwenye picha, tunasema tu mtu katulia tuli. Mtafsiri akiifuta "shiin" picha inabaki kama amesahau kuweka maneno, na utani umekufa.

Hayo ni ya ufundi. Lililonichukua muda zaidi kulielewa ni hili: kwa msomaji wa Japani, meidi ni vazi. Familia yenye mfanyakazi anayelala humo humo ni adimu kule siku hizi. Anachokijua msomaji ni gauni jeusi na aproni nyeupe, mavazi ya nyumba za matajiri wa Uingereza enzi za Malkia Victoria, ambayo tangu 2001 yana hata migahawa yake pale Akihabara, Tokyo, ambako mhudumu anakupokea kwa maneno yenye maana ya "karibu tena nyumbani, bwana wangu". Mteja anajua ni maigizo, mhudumu anajua ni maigizo. Manga ya roboti meidi inayatania maigizo hayo. Inamchukua mtumishi wa ndotoni, asiyechoka, asiyenuna, asiyekataa, halafu inasema haya, tumtengeneze kweli tuone. Matokeo yake ni jiko kuungua.

Kwetu meidi ni mtu. Ana kwao, ana mshahara unaocheleweshwa, anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Siku moja nilikuwa namsimulia mpwa wangu wa darasa la tano ukurasa wa roboti aliyeambiwa "toa vumbi lote ndani ya nyumba", akatoa vumbi, makochi, televisheni na babu. Mtoto anacheka. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa anachambua mchele pale pale, akanyanyua macho akauliza, "Kaka, huyo wanamlipa?" Nikasema halipwi, ni mashine. Akasema, "Basi kafanya vizuri," akarudi kwenye mchele wake.

Naamini alikigusa kiini kuliko mimi niliyesoma rundo la juzuu. Neno roboti lenyewe lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek wa Chekia, ya 1920, na chimbuko lake ni robota, kazi ya kulazimishwa, ile wazee wetu waliyoiita shokoa. Katika tamthilia hiyo watumishi wa kutengenezwa wanaasi na kuwaangamiza watu. Tangu hapo hadithi ngapi za roboti zimerudia uasi huo kwa bunduki na moto? Manga ya vichekesho inaukejeli uasi huo kwa kuugeuza: roboti anaasi kwa kutii. Umesema vumbi lote, sawa bwana, lote. Hilo ni shina moja na Abunuwasi na sufuria lake. Ukikubali kwamba sufuria limezaa, utakubali pia kwamba limekufa. Mwenye mali ananaswa na maneno yake mwenyewe.

Sasa kuhusu tafsiri, maana hapo ndipo unapopoteza sehemu kubwa ya kejeli. Nitatumia manga ninayoijua vizuri kuliko zote za jamii hii, Dr. Slump ya Akira Toriyama (aliyefariki Machi 2024). Ilitoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 1980 hadi 1984, juzuu 18. Arale, mhusika wake mkuu, si meidi, naomba wadau msinishukie, ni roboti msichana tu. Lakini chanzo cha utani ni kile kile: mvumbuzi anataka kuunda msichana mkamilifu, anapata roboti asiyeona mbali, anayehitaji miwani, kichwa chake kinachomoka, na ana nguvu za kuipasua dunia vipande viwili kwa ngumi moja akiwa anacheza. Magari ya polisi anayabomoa kwa furaha tu, hana ubaya na mtu.

Nilimsimulia mpwa wangu kwa Kiswahili huku nikionyesha picha, staili ya kina Lufufu na DJ Afro, wale wanaotafsiri muvi kwa sauti. Kichwa kuchomoka: alicheka bila maelezo. Arale kuchokoa kinyesi kwa kijiti: aligaragara. Polisi wa kijiji mwenye kofia ya wale askari weupe wa Star Wars: kimya, shiin. Hajaiona hiyo filamu, na kejeli haifanyi kazi kwa mtu asiyejua kinachokejeliwa.

Akaja Suppaman. Ni mfupi, mnene, mwenye majivuno, anajiona Superman. Superman wa Marekani anabadilikia kwenye kibanda cha simu. Huyu anakula umeboshi, tunda dogo lililolowekwa chumvi, chachu ya kukunja uso, kisha ndiyo anabadilika. Suppai kwa Kijapani ni chachu, utani wote uko kwenye jina. Nilimwambia mtoto "anakula plamu ya Kijapani", akanitazama tu. Kesho yake nikabadilisha: anakula achari ya ndimu, anaitwa Acharimani. Mtoto akakunja uso mwenyewe kabla hajacheka, maana achari anaijua, chumvi na ukali vyote vimo. Mvumbuzi naye jina lake ni Senbei Norimaki, kitafunwa cha mchele kilichofungwa kwa mwani, na Arale ni vile vitafunwa vidogo vidogo vya mchele. Kwangu wamekuwa Profesa Kashata na mdogo wake Visheti. Atakayesema nimeharibu asili, sawa, lakini aliyeacha "Norimaki" hivi hivi naye ameharibu, kwa sababu msomaji hajui hata kwamba palikuwa na utani.

Utani mmoja ulivuka wenyewe bila nauli. Adui wa profesa anaitwa Dr. Mashirito. Toriyama alimchora kwa sura ya mhariri wake, Kazuhiko Torishima, aliyekuwa akimkatalia michoro. Gawa jina kwa silabi, To-ri-shi-ma, usome kuanzia nyuma. Mtoto aliyekua akiongea kinyume na wenzake ili wakubwa wasielewe hahitaji maelezo hapo. Mpwa wangu alishinda siku nzima akiligeuza jina la mwalimu wake wa hesabu.

Kwa hiyo, mkuu, rudia juzuu ya kwanza ukitenganisha hivi: pale roboti anapotii kupita kiasi, hapo panapaswa kukuchekesha bila msaada, na kama hapakuchekeshi, manga hiyo ni mbovu, iache, zipo mbovu nyingi ambazo hazina kingine zaidi ya gauni na mapaja. Pale watu wanapoanguka bila sababu unayoiona, pana neno limepotea njiani. Piga picha ukurasa mmoja wa namna hiyo uutupie hapa, kuna wadau humu wanasoma Kijapani, watatuambia palikuwa na nini.